Sosi ya Saladi ya Kijapani: Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani na Kumpa Mtoto kwa Usalama

Mboga zilizochemshwa na kuwekwa mezani bila kiungo chochote humshinda hata mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka mitatu. Nchini Japani nyumba nyingi huwa na chupa ya sosi ya saladi kwenye friji kwa ajili hiyo. Ndani yake kuna sosi ya soya, siki, mafuta kidogo, na mara nyingi ufuta uliokaangwa. Ukiimimina juu ya kabichi, tango au spinachi, mboga hupata uchachu, chumvi na harufu nzuri ya ufuta, na mtoto aliyekuwa akisukuma sahani pembeni huanza angalau kuonja.

Sosi hii ni rahisi kuitengeneza mwenyewe, na ukiitengeneza wewe ndiye unayeamua chumvi na sukari viingie kiasi gani. Hata hivyo, kuna mambo manne ambayo mama au mlezi anatakiwa kuyajua kabla ya kuiweka kwenye sahani ya mtoto: chumvi iliyomo kwenye sosi ya soya, mzio wa ufuta, asali, na usafi wa mboga mbichi.

Ni sosi ya namna gani?

Wajapani huiita wafu, yaani ya mtindo wa Kijapani, ili kuitofautisha na sosi za saladi zilizotoka Ulaya na Marekani. Kuna aina mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni nyepesi: sosi ya soya, siki ya mchele na mafuta, pamoja na kitunguu au tangawizi iliyokwaruzwa. Ya pili ni nzito, imejaa ufuta uliosagwa, na huitwa goma, neno la Kijapani la ufuta. Sosi ile ya rangi ya chungwa yenye karoti na tangawizi, ambayo wengi huifahamu, ni maarufu zaidi katika migahawa ya Kijapani ya Marekani kuliko Japani kwenyewe. Lakini ni tamu, na karoti haina ubaya, kwa hiyo tumeiacha iingie kwenye mapishi yetu.

Kabla ya chupa za dukani, wapishi wa Japani walikuwa tayari wakichanganya mboga na ufuta. Chakula kiitwacho goma-ae ni mboga ya majani iliyochemshwa kidogo, ikakamuliwa maji, kisha ikachanganywa na ufuta uliosagwa, sosi ya soya kidogo na sukari kidogo. Ufuta husagwa kwenye suribachi, bakuli la udongo lenye mistari iliyochorwa ndani ili mbegu zisiteleze, kwa kutumia mchi wa mti. Kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu kinafanya kazi hiyo hiyo.

Ufuta wenyewe si mgeni kwetu. Japani hulima ufuta kidogo mno na huagiza karibu wote kutoka nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazouuza huko. Kwa mama aliyeko Lindi au Mtwara, basi, kiungo kikuu cha sosi hii kinapatikana sokoni kwa kilo.

Kwanza, chumvi

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina takriban gramu 2.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ikihesabiwa ile ya kwenye mchuzi, ya kwenye ugali au wali wa mkahawani, ya kwenye mkate, yote. Vijiko viwili vya sosi ya soya vimemaliza kiasi hicho.

Sasa angalia mapishi mengi ya wafu: hushauri sosi ya soya, siki na mafuta kwa vipimo sawa. Ukiweka vijiko 3 vya kila kimoja, umeweka zaidi ya gramu 7 za chumvi kwenye kikombe kidogo ambacho familia itakimaliza kwa mlo mmoja. Mboga zinabaki kuwa chakula chenye afya, ila umezivisha kitu kinachopandisha shinikizo la damu.

Wajapani wenyewe walilipia jambo hili kwa gharama kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiharusi kilikuwa kikiua watu wengi sana nchini humo, hasa mikoa ya kaskazini kama Akita, ambako vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi na supu za chumvi nyingi vililiwa kila siku wakati wa majira marefu ya baridi. Katika mkoa wa Nagano, wahudumu wa kujitolea wa afya na lishe walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha watu kupunguza chumvi na kupima supu zao. Leo Nagano ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa watu wake kuishi miaka mingi. Chumvi peke yake haielezi yote hayo, lakini kazi ya wale wahudumu ilianzia hapo, jikoni.

Kuna mtego mmoja dukani. Chupa yenye maandishi yanayosema sosi ya soya ni "nyepesi" kwa kawaida inazungumzia rangi, si chumvi. Kwa kweli ile ya Kijapani yenye rangi nyepesi, iitwayo usukuchi, ina chumvi zaidi kuliko ile nyeusi ya kawaida. Ile iliyopunguzwa chumvi huandikwa waziwazi kwamba imepunguzwa chumvi, na hata hiyo kwa kawaida hubaki na karibu nusu ya chumvi ya kawaida. Kwa hiyo isikupe ruhusa ya kumimina bila kupima. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

Kama wewe ni mjamzito na umeambiwa kliniki kwamba shinikizo lako limepanda, au kama nyumbani mnamtunza mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu au mgonjwa wa figo, tumia mapishi ya pili yaliyo hapa chini, yasiyo na sosi ya soya.

Unachohitaji

Vipimo hivi vinatosha watu 5, na vinatoa takriban vijiko 10 vya chakula vya sosi:

- siki ya mchele, vijiko 3 vya chakula (au maji ya ndimu au limau kiasi hicho hicho)
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, kama ya alizeti, vijiko 2 vya chakula
- sosi ya soya, kijiko 1 cha chakula
- maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chakula
- kitunguu maji kilichokwaruzwa laini, vijiko 2 vya chakula, ukichanganya na karoti kidogo ukipenda
- tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, nusu kijiko cha chai
- ufuta, vijiko 2 vya chakula
- sukari, kijiko 1 cha chai, si zaidi

Katika kiasi hiki kila mtu akitumia vijiko 2 vya sosi, anapata karibu nusu gramu ya chumvi. Ndiyo maana siki ni nyingi kuliko sosi ya soya. Uchachu, tangawizi na ufuta uliokaangwa vinafanya ulimi usiitafute chumvi.

Siki ya mchele ni ya upole. Kama huna, tumia siki ya kawaida lakini punguza iwe vijiko 2 na uongeze kijiko kimoja cha maji, maana ni kali zaidi. Siki iliyotengenezwa kwa ajili ya sushi tayari imetiwa sukari na chumvi, kwa hiyo iache. Na usifikirie kwamba ndimu ni njia ya mkato. Japani kuna sosi nzima iitwayo ponzu ambayo hutengenezwa kwa maji ya matunda jamii ya ndimu na sosi ya soya, na wengi huipenda kuliko ya siki.

Mapishi mengine yatakutajia mirin. Ni kiungo kitamu cha mchele, na mirin halisi ina kilevi cha karibu asilimia 14. Kwenye chakula kinachochemka sehemu kubwa ya kilevi huondoka na mvuke, lakini sosi ya saladi haipikwi. Usiiweke kwenye sosi itakayoliwa na watoto au mama mjamzito. Ile sukari kijiko kimoja inatosha kabisa badala yake.

Jinsi ya kutengeneza

Pepeta ufuta na uondoe mchanga na mawe madogo. Ufuta wa sokoni huwa navyo, na jiwe dogo linaweza kumvunja mtoto jino. Uoshe, uchuje, kisha uukaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga muda wote. Ukiisha kukauka, baada ya dakika chache mbegu zitaanza kurukaruka na kutoa harufu. Epua hapo hapo na umimine kwenye sahani, kwa sababu kikaango cha moto kitaendelea kuuchoma hata baada ya kuzima jiko, na ufuta ulioungua ni mchungu kiasi cha kuharibu sosi yote.

Ukipoa kidogo, utwange. Usiruke hatua hii. Mbegu nzima ya ufuta ina ganda gumu na hupita tumboni kama ilivyoingia. Mama yeyote aliyewahi kubadilisha nepi baada ya mtoto kula mkate wenye ufuta anajua tunachosema. Ukitwangwa, mafuta na virutubisho vyake hutoka, na ndivyo sosi inavyopata uzito bila kuhitaji mayonezi.

Weka kwenye bakuli siki, sosi ya soya, sukari na maji. Koroga mpaka sukari iyeyuke. Fanya hivyo kabla ya kuweka mafuta, kwani sukari haiyeyuki kwenye mafuta na itabaki chini. Ongeza kitunguu, tangawizi na ufuta. Mwisho mimina mafuta kidogo kidogo huku ukikoroga kwa uma, au tia vyote kwenye chupa safi yenye kifuniko na utikise kwa nguvu. Mafuta yatajitenga tena baada ya muda mfupi. Hiyo si dalili ya kuharibika, tikisa tu kabla ya kutumia.

Acha kwa dakika 15 au 20 kabla ya kula. Ukali wa kitunguu kibichi hupungua kikikaa kwenye siki, na watoto hukipokea vizuri zaidi.

Kuhusu mafuta, wapo wanaotaka kuyaondoa kabisa, na Japani huuzwa sosi zisizo na mafuta hata tone. Kwa mtoto hatushauri. Rangi ya chungwa ya karoti, na ile iliyojificha kwenye mboga za kijani kibichi, ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na inahitaji mafuta kidogo ili inyonywe tumboni. Vijiko viwili kwa watu watano si vingi.

Mapishi ya pili, bila chumvi

Haya ni kwa watoto wadogo na kwa yeyote aliyekatazwa chumvi. Twanga vijiko 2 vya chai vya ufuta uliokaangwa mpaka uwe laini kama siagi ya karanga. Ongeza kijiko 1 cha chai cha mafuta, kijiko 1 cha chakula cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, na matone machache ya limau. Koroga. Inatosha kuchanganya mchicha au spinachi ya mtoto mmoja. Kwa ulimi wa mtu mzima itaonekana imepooza, lakini mtoto ambaye hajazoeshwa chumvi haoni kama kuna kilichopungua.

Ufuta una kalisi, na utasikia ukisifiwa sana kwa hilo. Ni kweli kiasi, ila kalisi iliyo kwenye maganda yake hainyonywi vizuri, na kijiko kimoja ni kidogo. Usiutumie badala ya maziwa au dagaa.

Mtoto ale lini?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, kwa hiyo sosi hii haimhusu kabisa.

Kuanzia miezi 6 hadi mwaka mmoja, mpe mboga zilizopikwa na kupondwa, bila sosi ya soya, bila sukari. Mama wa Kijapani wana desturi nzuri kwa umri huu: huchukua sehemu ya mtoto kutoka kwenye sufuria ya familia kabla ya kuweka viungo. Karoti na kabichi huchemshwa pamoja kwa wote, sehemu ya mtoto hutolewa na kupondwa, kisha ndipo sosi humiminwa juu ya zilizobaki. Hakuna kupika mara mbili, na mtoto hali chumvi ya wakubwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye chumvi nyingi au sukari nyingi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, basi, endelea na mapishi ya pili. Akishapita miaka miwili anaweza kula sosi ya familia iliyotengenezwa kwa vipimo vya hapa juu, kijiko kimoja au viwili vya chai, ilimradi haipati chumvi nyingine nyingi siku hiyo.

Mzio wa ufuta, soya na ngano

Watoto wengi hula ufuta bila tatizo. Wachache wana mzio nao, na kwa hao hata kiasi kidogo kinaweza kuwa hatari. Marekani ilianza mwaka 2023 kulazimisha watengenezaji wa vyakula waandike ufuta kwenye lebo kama wanavyoandika karanga na maziwa.

Mara ya kwanza mpe mtoto ufuta uliosagwa laini, ncha tu ya kijiko cha chai, ukiwa umechanganywa kwenye uji au mboga iliyopondwa. Mpe akiwa mzima, mchana, ukiwa nyumbani, wala usimpe siku hiyo hiyo chakula kingine kipya. Mwangalie kwa saa 2. Mzio wa namna hii kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa hizo mbili: vipele vinavyowasha na kuvimba, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla. Ukiona vipele peke yake, acha ufuta na umwone mtoa huduma ya afya. Mtoto akipumua kwa shida, akikoroma kifuani, sauti ikibadilika, au akilegea na kupauka, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali wakati huo huo, usisubiri kuona kama itapita.

Mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, au ambaye tayari ana mzio wa mayai au karanga, asijaribiwe nyumbani kabla hujazungumza na daktari.

Kumbuka pia kwamba sosi ya soya, licha ya jina lake, kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mtu aliyekatazwa ngano atafute iliyoandikwa kwamba haina ngano; aina iitwayo tamari mara nyingi huwa hivyo, lakini soma lebo. Na kama mapishi yako yanataka mayonezi, usitumie ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi. Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na watoto wadogo na wajawazito huugua zaidi.

Asali kamwe kabla ya mwaka mmoja

Utakutana na mapishi yanayosema weka asali badala ya sukari, kwa sababu "ni ya asili". Kwa sosi itakayomgusa mtoto wa chini ya miezi 12, hapana.

Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha ugonjwa uitwao botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzimudu. Tumbo la mtoto mchanga bado halijakomaa, hivyo mbegu hizo huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na misuli ya kupumulia. Mwaka 2017 mtoto wa miezi 6 alifariki mjini Tokyo baada ya familia yake kumpa asali iliyochanganywa na juisi kwa takriban mwezi mmoja. Walidhani wanampa kitu cha kumjenga. Kupika nyumbani hakuui mbegu hizo, kwa hiyo kuchemsha asali hakusaidii.

Kama mtoto mdogo amelishwa asali na sasa amefunga choo, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya kwa uvivu, kope zimeshuka au shingo imelegea, mpeleke hospitali na umwambie daktari kuhusu asali. Bibi, dada wa kazi na yeyote anayekusaidia kulea naye aambiwe, maana mara nyingi asali hutolewa kwa nia njema mama akiwa hayupo.

Mboga mbichi au za kuchemsha?

Wengi hufikiri saladi ya Kijapani lazima iwe mbichi. Historia inasema vingine. Kwa karne nyingi mashamba ya mboga nchini Japani yalirutubishwa kwa kinyesi cha binadamu, na watu walijua vizuri matokeo ya kula majani mabichi. Miaka ya mwanzo baada ya vita, zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa na minyoo ya tumbo. Mboga zililiwa zikiwa zimechemshwa, zimetiwa chumvi au zimechachushwa. Saladi mbichi ilienea baadaye sana, mbolea ilipobadilika, maji safi yalipofika na watoto walipopewa dawa za minyoo shuleni.

Kisha, mwaka 1996, maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, waliugua kwa sababu ya bakteria aitwaye E. koli O157 aliyeingia kwenye chakula cha shule. Baadhi ya watoto walifariki. Tangu hapo mboga za chakula cha shule nchini humo, hata zile za saladi, kwa kawaida hupikwa kwanza, zikapozwa, ndipo zikatiwa sosi. Kipimo chao ni joto la nyuzi 75 ndani ya chakula kwa angalau dakika moja.

Kwa hiyo tunakushauri ufanye kama shule za Japani. Siki iliyo kwenye sosi haitoshi kuua vijidudu au mayai ya minyoo, na kuosha kwa chumvi hakutoshi pia. Chemsha maji mengi, tumbukiza kabichi iliyokatwa kwa dakika 1 au 2, karoti nyembamba kwa dakika 2 au 3, mchicha mpaka ulegee. Toa, tandaza kwenye chujio au sinia safi zipoe haraka. Ukipenda kuzipoza kwa maji, yawe yaliyochemshwa. Kisha nawa mikono kwa sabuni na ukamue mboga za majani vizuri. Maji yakibaki yatazimua sosi, nawe utajikuta unaongeza sosi ya soya ili irudi kuwa na ladha. Changanya na sosi wakati wa kula tu, si mapema, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga na ndani ya nusu saa sahani itakuwa imejaa maji.

Kama familia inataka tango au nyanya mbichi, osha kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua kwa mikono, na umenye pale inapowezekana. Ubao na kisu vilivyokatia nyama visiguse mboga hizo kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee na watu wenye kinga dhaifu wale za kuchemsha. Kwa mjamzito kuna sababu ya ziada: udongo uliobaki kwenye majani mabichi unaweza kuwa na vimelea vya kinyesi cha paka, ambavyo humdhuru mtoto aliye tumboni.

Karoti mbichi ya vipande vya mviringo usimpe mtoto wa chini ya miaka 4 hata kama imeoshwa vizuri namna gani. Ni ngumu na ina umbo la kuziba koo. Nyanya ndogo za mviringo nazo zikatwe vipande vinne.

Kuhifadhi

Sosi ya dukani hukaa wiki nyingi kwa sababu imepashwa joto kiwandani na uchachu wake umepimwa. Yako ina kitunguu na tangawizi mbichi. Kwenye friji itumike ndani ya siku 3. Kama huna friji, au umeme hukatika mara kwa mara, tengeneza ya mlo mmoja na uimalize. Punguza vipimo kwa nusu, ni kazi ya dakika kumi. Unachoweza kuhifadhi nje ya friji ni ufuta uliokaangwa kabla ya kutwangwa, kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri. Utwange siku ya kutumia.

Usiache kitunguu saumu kibichi kikiwa kimezama kwenye mafuta nje ya friji, hata kwa nia ya kupata ladha. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria yule yule wa botulizimu hustawi mahali pasipo na hewa, bila kubadilisha harufu wala ladha.

Tumia chupa ya kioo iliyoshwa kwa sabuni na kuchemshwa, ikakauka. Mimina kiasi kinachotosha kwenye bakuli la mezani, na kilichobaki kwenye bakuli hilo kisirudishwe kwenye chupa. Kifuniko kikifunguka kwa mlio wa hewa, au ukiona mapovu au utelezi usiokuwepo jana, mwaga yote bila kuionja.